Ana kilo ngapi?

Supa nilimpata sokoni Mwanjelwa, nyuma ya magunia ya mchele, Novemba 2024, wiki ile tuliyofungua chuo. Mama ninayenunua mchele kwake alikuwa amechoshwa na kipaka kilichogeuza kopo lake la kupimia kuwa kitanda. Akanipimia kilo zangu tatu, akafunga mfuko, kisha akamwinua yule paka kwa ngozi ya shingo na kunikabidhi. "Chukua na huyu, mwanangu. Panya wa huko mnakopanga watakoma." Alikuwa mweupe mwili mzima kasoro ncha ya mkia, na mchele niliobeba ulikuwa supa wa Kyela. Jina likaja lenyewe.

Tunaishi wawili, mimi na mwenzangu, katika chumba kimoja Mafiati. Aliyewahi kupanga geto Mbeya anawajua panya wa huku. Mwaka wa kwanza walinilia madesa ya Takwimu kuanzia pembeni hadi katikati, wakatoboa ndoo ya unga. Jirani akatega sumu, wakafia darini, tukafanya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, huku tumejifunga vitambaa puani. Tangu Supa aingie, dari ilinyamaza. Kwa hiyo nikisema nilikuwa na paka, sizungumzii starehe ya watu wenye nafasi. Alikuwa mkazi wa tatu wa chumba chetu na alikuwa na kazi yake.

Aliingia kwenye bajeti pia. Sisi tunaosoma kwa mkopo tunapewa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, kiwango kilichopandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500. Boom, yaani hela hiyo ya mkopo, likiingia, kodi inaondoka kwanza. Kinachobaki ni wali maharage wa mchana kwa mama ntilie, ugali wa kupika wenyewe usiku, fotokopi na bando. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, tulinunua kwa fungu, na mara nyingi sisi na Supa tulikula fungu moja.

Juni ya Mbeya haina huruma. Asubuhi maji ya bomba yanauma vidole, na ukipumua unaona moshi wako mwenyewe. Mwaka 2025 baridi ilitukuta tukikimbizana na test za mwisho kabla ya UE. Jumatatu moja Supa alianza kupiga chafya. Jumatano macho yalikuwa yameshikana kwa tongotongo, puani anatoka makamasi ya njano, na kisahani cha usipa kilikuwa vile vile nilivyokiacha. Paka asiyesikia harufu hali chakula, hata kama ana njaa. Sikulijua hilo. Nilidhani anadeka.

Mama mwenye nyumba alipita, akamwangalia, akasema ni baridi tu hiyo, nimfunike. Nikamfunika kwa kitenge, nikamwekea ubavuni chupa ya maji ya moto. Usiku masikio yake yalikuwa yanawaka. Mwenzangu akafungua begi akatoa Panadol.

Nilikata kidonge robo, nikakiponda kwenye kijiko, nikachanganya na maziwa. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mtu mzima vidonge viwili, mtoto nusu, basi paka robo. Supa alipoonja tu akajaa povu mdomoni, akatikisa kichwa, maziwa yote yakaruka kwenye shuka. Nilipojaribu mara ya pili aliniuma kidole akakimbilia chini ya kitanda. Nilimkasirikia. Nikazima taa nikamwambia, kwa sauti, kwamba mimi namsaidia na yeye hataki kusaidiwa.

Mpaka leo maneno hayo yakinirudia, nasimama nilipo.

Alhamisi nilikosa kipindi cha asubuhi nikaenda kutafuta dawa. Duka la kwanza la mifugo nililoingia walinishauri nimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, eti inatoa kila kitu. Nilishukuru nikatoka, si kwa sababu nilijua lolote, ila siku ile sikuwa na moyo wa kummwagia maji mnyama anayetetemeka. Baadaye niliambiwa kwamba dawa nyingi za kupe zina kemikali za jamii ya pemethrini, ambazo ng'ombe na mbwa wanazihimili lakini paka zinaweza kumpa degedege na kumwua. Ile huruma ya bila elimu ndiyo iliyomwokoa.

Duka la pili kulikuwa na kijana wa rika langu. Aliniuliza anavyouliza wateja wake wote, nadhani: "Ng'ombe au kuku?"

"Paka."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Hakucheka. Aligeuka akatazama rafu zake, nami nikazitazama. Kulikuwa na albendazoli ya minyoo kwenye chupa za lita nzima. Kulikuwa na aivamektini yenye picha ya fahali, vitamini za kuku wa nyama, na OTC, yaani oksitetrasaiklini, antibayotiki ambayo kila mfugaji anaijua kwa jina hilo la herufi tatu. Mimi nasoma uhasibu, nikiona namba mkono unawasha. Kibandiko cha OTC ya asilimia 20 kilisema mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Chupa ilikuwa ya mililita 100. Maana yake mle ndani mlikuwa na dawa ya kilo 1,000, ng'ombe wa kienyeji watatu hadi wanne. Bei yake ilikuwa inalipika. Hapo ndipo nilipokwama: dawa ilikuwepo, hela ilikuwepo, na bado hapakuwa na dawa.

"Dada, naweza kukuuzia," kijana alisema, "ila sijui utampimiaje." Akaandika namba ya bwana mifugo nyuma ya risiti. Namheshimu sana kwa sentensi ile. Angeweza kunipa chupa akapokea elfu nane zake.

Wala silaumu rafu zake. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na duka linaleta kinachouzika. Paka hakamuliwi, hachinjwi, hauzwi mnadani. Madaktari wengi wa wanyama wamesomea Sokoine, Morogoro, na kutoka Mbeya hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita 600 za basi. Wakimaliza wanakwenda kwenye mifugo, kama sisi wahasibu tutakavyokwenda kwenye hela.

Bwana mifugo alikuja jioni kwa pikipiki, mzee wa makamo mwenye koti zito na viatu vya mvua. Nikamwamkia, akaitikia, akachuchumaa kwenye boksi la Supa, na kabla hajamgusa akauliza:

"Ana kilo ngapi?"

Sikuwa na jibu. Miezi saba nimelala naye kitanda kimoja, najua anapenda kukunwa wapi, lakini uzito wake siujui. Akauliza nimempa nini mpaka sasa. Nilipotaja Panadol aliacha kufungua begi lake.

"Alimeza?"

"Alitema, baba."

"Yote? Una uhakika?"

Akamfungua mdomo, akamulika ufizi kwa tochi ya simu, akabonyeza kwa kidole, akaangalia tena. Ulikuwa wa waridi. Ndipo akavuta pumzi akanieleza. Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoifunga parasetamoli, ndiyo hiyo Panadol, na kuitoa mwilini. Paka anacho kidogo mno. Kwake dawa ile inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu hadi zinashindwa kubeba hewa. Ufizi unageuka kahawia, uso na miguu inavimba, mnyama anatweta hewa ikiwa imemzunguka. Robo ya kidonge ni miligramu 125. Kwa paka kama Supa hicho ni kiasi cha kumpeleka kaburini. "Binti, si suala la kupunguza. Kwa paka hiyo haina kiasi kidogo cha usalama."

Povu lile lililonikasirisha lilikuwa ni yeye kujiokoa. Mimi nilipiga mahesabu ya kugawanya, kumbe mwili wake haukuwa mwili wangu uliogawanywa.

Mizani hatukuwa nayo, na bwana mifugo yake ni utepe wa kumzungushia ng'ombe kifuani. Tukabeba boksi mpaka Mwanjelwa kabla soko halijafunga. Mama wa mchele alimtambua paka wake kwa ule mkia. Akafuta sahani ya mizani kwa kanga, akapima boksi tupu kwanza, halafu boksi na Supa ndani, akatoa kimoja kwenye kingine kichwani kwa kasi ambayo darasani kwetu hakuna anayemfikia. "Mbili na gramu mia sita." Wateja wawili waliokuwa wanangoja mchele walisogea kutazama. Mmoja akasema pole kwa paka, kwa dhati kabisa, kama unavyompa pole mtu.

Bwana mifugo aliandika 2.6 kiganjani kwa kalamu yangu. Akasema ugonjwa ule kwa kawaida huanza na virusi, na virusi vyenyewe hana dawa yake. Anachoweza ni kuzuia bakteria wanaodandia juu. Akanituma famasi ya watu, siyo ya mifugo, ninunue doksisaiklini za kapsuli, zile zile ambazo nusu ya hosteli wamewahi kuandikiwa. Kapsuli moja ina miligramu 100. Supa alihitaji kama 26 kwa siku.

Tulikaa sakafuni. Akafungua kapsuli, akamwaga unga wake wa njano juu ya karatasi nyeupe, akaniomba kitu cha kunyooshea. Nikampa kitambulisho changu cha chuo. Akausawazisha unga ukawa mstari, akaukata katikati, kisha kila upande katikati tena. Mafungu manne. "Hili la leo. Haya matatu funga kila moja kwenye karatasi yake." Akasisitiza jambo moja mara tatu: dawa hii isishuke kavu. Ikinata kwenye koo la paka inamchoma hadi koo linafanya kovu na kuziba. Kwa hiyo unga unachanganywa kwenye mchuzi wa usipa, na akishameza anafuatishiwa maji kwa sirinji isiyo na sindano, polepole, pembeni ya mdomo. Macho yaoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Chakula kipashwe moto ili harufu ipenye hata kwenye pua iliyoziba. Alipokea elfu kumi na tano, akakataa chai, akaondoka na kiza.

Nimeandika yote haya, lakini asisome mtu akachukua vipimo vyangu akampa paka wake. Vilikuwa vya Supa, vya siku ile, na vilipimwa na mtu aliyemshika.

Siku kumi zilizofuata nilikuwa na ratiba mbili ukutani, ya UE na ya Supa. Saa kumi na mbili asubuhi kupasha usipa, kuosha macho, dawa, maji. Halafu mbio za daladala. Saa mbili usiku tena maji na chakula, kisha msuli wa kusoma mpaka saa saba. Siku ya tatu alilamba mchuzi mwenyewe. Siku ya nne alitoka boksini akaenda kukaa juu ya daftari la Kodi, nami nikasoma Gharama badala yake ili nisimwondoe.

Ilikuwa siku hiyo hiyo tunayoshangilia ndipo mwanafunzi mwenzetu, tunayesoma naye kikundi kimoja, akasema: "Watu wanakosa dawa hospitali, nyie mnahangaika na paka." Hakuwa na ubaya. Mjomba wake alikuwa anazunguka na cheti kutoka dirisha hadi dirisha akitafuta dawa ya presha. Sikumjibu. Nililala nalo, maana lilikuwa na ukweli, na ukweli wa mtu aliyechoka haujibiwi kwa mabishano.

Siku ya sita ya dawa dada yangu alipiga simu kutoka Kyela. Mtoto wake alizaliwa mapema Mei akiwa na kilo 2.4, chini kidogo ya ile 2.5 ambayo manesi wanataka kuiona. Sasa alikuwa na wiki saba na homa. Kyela ni chini, joto, mashamba ya mpunga yametuama maji hadi karibu na ziwa; mbu wa kule hawana msimu. Zahanati walimtoboa kisigino, wakapima kwa kipimo cha haraka, malaria. Dada alinitumia picha ya boksi la dawa ya mseto. Kwenye jedwali la dozi safu ya kwanza ilianzia kilo 5. Mtoto siku ile alikuwa na 3.7.

Chini ya picha aliandika: "Mbona wetu hayumo?"

Niliitazama picha ile nikiwa nimeshika karatasi ya Supa ya kesho yake. Swali la kwanza walilomwuliza dada pale zahanati, aliniambia baadaye, lilikuwa: ana kilo ngapi?

Walimpa rufaa. Hospitali daktari alikaa na kukokotoa mwenyewe, akamlaza, akamfuatilia usiku kucha, na siku tatu baadaye homa ilikuwa imekwisha. Namshukuru Mungu na daktari yule. Lakini dada hakulala siku zile, na sababu haikuwa dawa kukosekana. Maboksi ya mseto yalipangwa mpaka juu. Dawa ilikuwepo, na mtoto hayumo.

Nilianza kusoma usiku, baada ya Kodi na Gharama. Nikagundua kwamba miaka mingi iliaminika watoto wa miezi ya kwanza hawaugui malaria kwa sababu wamebeba kinga ya damu ya mama. Kinga hiyo ipo kweli, ila si ukuta. Kwa imani hiyo, wachanga wa chini ya kilo 5 hawakuingizwa kwenye majaribio ya dawa, na asiyejaribiwa haandikwi kwenye jedwali. Coartem, mseto unaofahamika zaidi, ilianza kutumika 1999. Ile ya watoto inayoyeyuka kwenye maji, ambayo iliwaondolea akina mama kuponda vidonge vichungu kwa kijiko, ilikuja 2009. Wa chini ya kilo 5 wakaendelea kukokotolewa na yeyote aliyekuwa zamu usiku huo. Na kukokotoa si kugawanya tu, kwa sababu ini la mchanga halijakomaa, halishughulikii dawa kama la mtoto wa miaka mitatu. Nilifika hapo nikaweka simu chini. Ini tena.

Kisha Julai 2025, mimi nikiwa katikati ya UE, ikatoka habari: mamlaka ya dawa ya Uswisi, Swissmedic, imeidhinisha Coartem Baby, ya wachanga wa kilo 2 hadi 5. Imetengenezwa na Novartis pamoja na shirika la Medicines for Malaria Venture, kwa uwiano mpya wa viambato vyake viwili uliotafutwa kwa miili hiyo midogo. Ina ladha ya cheri na inaweza kuyeyushwa hata kwenye maziwa ya mama. Nchi nane za Afrika zilishiriki kuitathmini na Tanzania ni mojawapo. Nilimtumia dada. Akajibu kwa alama za mshangao tu, nyingi, mistari miwili.

Nilifurahi, na bado nimefurahi. Lakini nilihesabu pia, ndiyo kazi niliyojifunza. Kutoka 1999 hadi 2025 ni miaka 26. Mimi nimezaliwa, nimekua, nimefika chuo, ndani ya kipindi ambacho mtoto wa kilo 3.7 hakuwa na safu yake. Na idhini ya Uswisi ilipotoka haikuwa kwenye rafu ya zahanati ya Kyela. Kati yake na rafu kulikuwa na usajili wa TMDA, mamlaka yetu ya dawa, kulikuwa na miongozo, manunuzi ya Bohari ya Dawa, lori, barabara ya vumbi. Ndiyo maana siku hizi nikisikia kiongozi anasema "dawa zipo," nataka kuuliza zipo kwa nani, wa kilo ngapi, na nani atakayempimia. Mjomba wa yule mwenzetu alikosa dawa yake kabisa, na hiyo ni dhiki inayoonekana, watu wanaiandamia na kuisemea. Hii nyingine haionekani kwa sababu ukichungulia dirishani rafu imejaa.

Yule mwenzetu nilimweleza yote haya tukiwa kwenye foleni ya chapati. Alisikiliza. Akauliza paka anaendeleaje.

Anaendelea vizuri. Siku ya kumi karatasi ziliisha, pua ilikuwa imekauka, na usiku ule tulisikia purukushani darini tukajua amerudi kazini. Bwana mifugo alikuja kumchanja kichaa cha mbwa. Hiyo, alinieleza, haipimwi kwa kilo: mililita ile ile anayochanjwa mbwa mkubwa wa ulinzi ndiyo anayochanjwa paka. Miili yote inafundishwa somo moja. Nilifurahi kusikia kuna dawa hata moja ambayo Supa anaipata sawa na wengine.

Agosti tulifunga chuo nikateremka Kyela kwa Coaster, Supa kwenye boksi miguuni, akilia kuanzia Uyole mpaka Tukuyu halafu akalala. Keshokutwa yake nilimsindikiza dada kliniki. Mama mwenye nyumba alikuwa amenipa kofia ya sufu ya mtoto, katika joto lile, na dada akamvalisha kwa heshima ya aliyeituma. Wanawake walikuwa wengi kwenye benchi, kila mmoja na kadi yake. Mizani ilikuwa ile ya kuning'iniza, mtoto anavalishwa kama chupi ya kitambaa na kutundikwa kwenye ndoano. Wetu alipiga mateke, sindano ya mizani ikacheza, nesi akamshika miguu, akangoja itulie.

"Tano na mia mbili," alisema, akaandika kwenye kadi.

Dada alinigeukia. Nilikuwa tayari nimeshatoa simu, natafuta ile picha ya boksi.